Taulo Jeupe Lenye Mistari ya Kijani

Kitambaa cha pamba kikianikwa siku isiyo na jua, kinatoa harufu yake: sabuni kidogo, jasho kidogo. Nikiisikia nyumbani kwa mtu, natafuta sababu ya kutoka nje. Mimi si msemaji, na kuandika naandika polepole, lakini jambo hili nimelibeba muda mrefu. Afadhali niwaambie ninyi.

Miaka ile ya tisini, mitambo ya madini mjini kwetu Likasi ilipokuwa ikinyamaza mmoja baada ya mwingine, mtaani kwetu kila aliyeshindwa alisemwa kwamba ametupa taulo. Mwalimu wetu alipoacha chaki akaenda kuchimba madini Shinkolobwe, ametupa taulo. Wazee walipenda kusema ameinua mikono, wahubiri walisema amekata tamaa, lakini taulo ndilo lililoshinda. Hata kuku wetu alipoyaacha mayai yake kabla hayajaanguliwa, mama alisema, "Na uyu ametupa taulo."

Sisi watoto tulilipenda neno hilo kwa sababu tuliliona taulo likitupwa kweli. Kila Jumapili baada ya ibada, vijana walipigana ngumi katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi. Kila mpiganaji alikuja na mtu wa nyumbani kwake wa kumshikia taulo na kulitupa akiona amezidiwa, maana mtu wa nje angeweza kuhongwa kwa chupa moja ya bia. Taulo likigusa sakafu, pambano limekwisha. Na taulo lenyewe halikurudi. Lilichukuliwa na upande ulioshinda.

Kaka yangu Kalenga, niliyemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa zetu, alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, nilikuwa naona haya hata kuitikia jina langu darasani. Siku yake ya kupigana ilipofika, alimwomba mama taulo jeupe lenye mistari ya kijani, ambalo mama alipewa siku ya ndoa yake. Nyumbani hatukuwa na jingine. Lilikausha watoto wanne, na mgeni akija lilifunika sahani ya bukari, ugali wetu. Mama alinivika shingoni, maana mimi ndiye niliyechaguliwa kumshikia.

"Mado, uchunge taulo yangu, ee? Irudi hapa."

Njiani yaya aliniambia neno jingine.

"Miye sitasema nimechoka, nitaona haya. Ni weye njo utaona. Ukiona, tupa. Usiangalie bantu, hata wakikucheka."

Mpinzani wake alikuwa mchimbaji mwenye mabega mapana kama mlango. Yaya alipovua shati, ukumbi ulicheka.

"Uyu anakula bukari mara moja kwa siku, atapiga nani?"

"Muache! Mbavu zake zitamuumiza mwenzake!"

Hata mimi nilicheka kidogo, ili nisionekane peke yangu.

Raundi ya kwanza yaya alicheza vizuri. Ya pili alianza kushusha mikono. Ya tatu ngumi ilimpata sikioni, akayumba, akanitafuta kwa macho. Nataka mjue kwamba niliona. Nililishika taulo, nikahisi ulaini wake.

"Tupa, mutoto, tupa!" alipiga kelele muuza karanga mmoja nyuma yangu.

Watu wakageuka kunitazama, wote. Nikazidi kulikumbatia taulo. Ngumi nyingine mbili zilipiga sikio lile lile, ndipo yaya akaanguka.

Tulirudi nyumbani taratibu, damu ikimtiririka shingoni. Mama alipotokea mlangoni, mimi ndiye niliyetangulia kusema.

"Mama, taulo yako iko. Sikutupa."

Alimwangalia yaya, kisha akaniangalia mimi. "Taulo, Mado?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Hakunipiga. Alilichukua, akang'ata pindo kwa meno, akalipasua katikati. Nusu moja alimfunga yaya kichwani. Nusu nyingine aliilowesha, akaanza kumfuta damu.

Sikio la kushoto la yaya halikusikia tena. Kwa miaka mingi kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mama aliniagiza nilichunge taulo, na watu walisema nilikuwa mtoto mtiifu. Ni kweli aliniagiza. Lakini pale ukumbini sikuwa namwogopa mama. Niliogopa macho ya watu, na yale ambayo wangenisema kesho yake shuleni. Ilinichukua muda kuelewa kile yaya alichokuwa ameniomba. Aliona haya kusema amechoka, akaniomba nimbebee haya hiyo kwa dakika moja tu, nami nikamwachia aibebe peke yake, pamoja na ngumi.

Yeye hajawahi kunilaumu. Tukitembea pamoja hunivuta upande wake wa kulia, tuendelee kuzungumza.

Mwaka jana, tukitoka sokoni, nilipata nguvu nikamwambia, "Yaya, unisamehe." Aliendelea kutembea, akichagua mahali pakavu pa kukanyaga. Nilikuwa nimemzunguka kwanza, nikasema nikiwa upande wake wa kushoto.