Breka ya Chumbani Kwangu

Ni mwaka huu huu, tuliokula mihogo mpaka obusuma, ugali wetu, ikawa chakula cha wageni. Breka kwenye kisanduku cha stima iliungua. Kisanduku kiko chumbani kwangu, na fundi ni Makokha, mume wa binti yangu.

"Mama, nifungulie niibadilishe."

"Mkwe wangu haingii chumba changu cha kulala."

Basi akasimama nje ya dirisha, amenipa mgongo, akanipitishia breka mpya na kuniagiza kwa sauti. Zima swichi kubwa. Pima kwa testa. Ikiwaka, usiguse kitu. Toa ya zamani, weka mpya, kaza skrubu. Nilifanya yote, mimi niliyeacha shule darasa la pili! Nikawasha swichi kubwa. Taa ikakataa.

Sebuleni wanawake wa kanisa walikuwa wakinywa chai. Nikawatokea nikifoka, "Makokha ameniletea breka mbovu! Huyu naye ni fundi?" Wakamcheka mkwe wangu huko nje mpaka akainamisha kichwa.

Nikajifunga leso upya, kwa maringo. Breka mpya ikadondoka kutoka pindoni hadi miguuni mwa mama mchungaji, iking'aa, haijaguswa hata na skrubu. Kumbe ile iliyoungua ndiyo niliyoirudisha, tena nikaikaza sawasawa.

"Nyanya, mwombe Makokha msamaha, kisha umwache aingie amalize," mama mchungaji akasema, akijifuta machozi ya kicheko.

Msamaha nikauomba pale pale, kwa sauti, wote wakisikia. Kisha nikaokota breka yangu, nikasimama mlangoni.

"Mkwe wangu haingii chumba changu cha kulala."