Niko na Tumbo

Kosa lilikuwa langu, sitamsukumia mtu mwingine. Niliingia dispensari ya Uvira nimejishika ubavu, siku nane sijakwenda choo, na muuguzi aliponiuliza shida yangu nikamjibu kama tunavyojibu kwetu Bwegera.

"Minye niko na tumbo."

"Tangu myezi ngapi, mama?"

"Ine," nikasema, nikihesabu miezi minne ya maumivu.

Foleni yake ilikuwa imefika barabarani. Hakunigusa. Aliandika kwenye karatasi, akanipa, akanitakia heri. Kwetu anayeumwa tumbo ana tumbo, na mwenye mimba naye ana tumbo. Sikujua ameandika lipi, maana kusoma sikujua.

Mama mkwe wangu naye hakujua kusoma, lakini subira hakuwa nayo kabisa. Aliipeleka ile karatasi kwa katekista, akarudi akipiga vigelegele tangu njiani. Nilikuwa na miaka sita katika nyumba ya mwanawe bila mtoto, na tayari alikuwa ameanza kumtaja msichana mmoja wa Rurambo, binti wa wafugaji. Siku ile hakumtaja.

"Mukazana wangu," aliniita, na miaka yote sita hakuwa amewahi kuniita mkwe wake kwa sauti ile. "Jembe acha. Weye ikala chini."

Ningesema pale pale: mama, huu ni ugonjwa. Damu ya mwezi ilikuwa imekatika kwa kukonda, basi nikajidanganya kwamba labda yeye ndiye anayejua. Uongo mtupu. Mimba gani hunywea asubuhi na kuvimba jioni? Nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa yule msichana wa Rurambo kuliko nilivyoogopa kufa. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kweli sikuzaa.

Kisha akaanza kunilisha. Ugali wa muhogo, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, ndizi za kuchemsha, na yeye amesimama mlangoni mpaka nimalize. Kila tonge lilikaa pale lilipoangukia. Nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba kutapika chakula cha juzi, maharagwe bado mazima nayatambua moja moja. Yeye alinisikia na kufurahi, akisema mjukuu wake ana nguvu. Mume wangu, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo bandarini Kalundu, aliweka kiganja chake tumboni mwangu jioni moja, hewa ikajisogeza humo ndani, naye akacheka kwa furaha. Mungu anisamehe, nilicheka pamoja naye.

Katika mwezi wa tisa wa hesabu yao, tumbo lilifunga kabisa. Hata hewa haikutoka. Walinipeleka kwa mtawa mkunga, naye akaweka pembe lake la mti juu ya tumbo langu, akasikiliza huku, akasikiliza kule, halafu akanitazama usoni.

"Hamuna mutoto humu," alisema polepole. "Hata matumbo yako siyasikie."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake. Sikuthubutu kumtazama.

Nilivushwa ng'ambo hadi hospitali moja ya Usumbura. Walinifungua tumbo kwa maji ya bomba, yaliyoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na nilipopata nafuu kidogo wakaninywesha kitu cheupe, kizito kama chokaa, wakanipiga radio, zile picha za ndani ya mwili, siku tatu mfululizo waone kinavyoteremka. Daktari alitegemea kukuta fundo au uvimbe. Njia ilikuwa wazi. Mkalimani akanieleza kwamba hakuna kinachoziba, ila matumbo yangu yamechoka kusukuma, yamelala. Nikauliza dawa ya kuyaamsha. Hakuna. Nile kidogo kidogo mara nyingi, vitu laini vilivyochujwa, supu ya samaki, nitembee baada ya kula, ninywe mafuta ya mbarika, na yakifunga nirudie maji ya bomba.

"Mpaka lini?" niliuliza.

Mkalimani alitafsiri. Daktari akaendelea kuandika.

Niliporudi Uvira, jirani alinipa habari kabla sijafika mlangoni: mume wangu amepanda Rurambo kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Nilimkuta mama mkwe jikoni peke yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima, nikaishia kumwambia kwamba daktari amesema chakula changu kichujwe.

Kitambaa cha kuchujia hakikuwapo. Akaingia chumbani kwake, akatoka na mbeleko mpya aliyokuwa amemwekea mjukuu, bado na mikunjo ya dukani. Akaikata katikati kwa kisu cha jikoni, akatandaza kipande juu ya sufuria, akamimina uji wa mchele na kuukamua kwa mikono miwili.

"Kunywa, mukazana wangu," alisema.

Nilitamani anitukane. Niliunywa uji ule wote mbele yake, nao ukakaa tumboni siku tatu.