Mbuzi wa Siku ya Mavuno

Sokoni Mikumi wanababua vichwa vya mbuzi. Harufu ile hunisimamisha, lakini sihisi chochote.

Kwetu Chanzuru, mdogo wangu alipozidiwa na homa, baba alimfungua mbuzi wetu dume asiye na kilema ampeleke kanisani, siku ya mavuno.

"Baba watoto, mwinjilisti si alisema Yesu alishatolewa sadaka kwa ajili yetu sote?" mama aliuliza, akiwa amempakata mgonjwa.

"Alisema. Lakini mimi siwezi kwenda mikono mitupu."

Nikafuatana naye. Baada ya ibada mbuzi alichinjwa nyuma ya kanisa, nyama ikachomwa, nami nikala nikashiba.

Tuliporudi, majirani walikuwa wamejaa uani. Mdogo wangu alikuwa amefariki. Mama hakulia. Aliitazama midomo yangu yenye mafuta, akaniambia nikanawe.