Mama Aliyevuka Ziwa Kuwatazama Tuliowatuma

Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza chai, simu iliita kutoka Kiseke. Mjukuu wa mama mmoja wa kanisani kwetu aliniamkia, nikaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimeketi. Wasomaji wangu wenye umri kama wangu wanajua kwamba swali la namna ile halisubiri jibu. Bibi yake amefariki. Wengi wenu hamkumfahamu. Aliwaongoza kina mama wa kanisa letu dogo la Kirumba, hapa Mwanza, kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi mkali, na alipoingia mahali watu walikaa vizuri kwenye viti vyao. Nilimwogopa tangu nilipoanza kazi ya ualimu nikiwa msichana, na nadhani niliendelea kumwogopa mpaka juzi.

Katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru, kanisa letu lilifanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Tulikuwa tumezoea kupokea wamisionari kutoka mbali, kuwapelekea mayai, kuwauguza homa zao. Safari hii tukatuma wetu. Mwinjilisti kijana na mkewe, Mjita wa upande wa Musoma, wakapanda meli na mtoto wao mchanga kwenda kuhubiri kwenye kisiwa kimoja upande wa Uganda. Bandarini tuliimba mpaka sauti zikakauka. Mji mzima ulikuwa ukizungumzia kujitawala, nasi tulijiona tumetangulia: hata Injili sasa tunaipeleka wenyewe. Tuliporudi nyumbani tuliwaombea kila Jumapili. Zaidi ya hapo, sikumbuki kama tulifanya lolote.

Habari ya kwanza iliyotutia wasiwasi ililetwa na jirani wa mama huyu, Mwislamu aliyekuwa akifanya biashara ya samaki wakavu kati ya bandari za ziwa. Alimkuta mama uani akipepeta mtama, nami nilikuwa pale. "Mama, wale watu wenu nimewaona," alisema. "Bwana ananisalimia huku anatazama pembeni. Mkewe hakutoka ndani. Na yule mtoto sikumsikia." Mama aliweka ungo chini. Tangu siku ile kila meli iliyopiga honi ilimkuta gatini, akiwahoji mabaharia na abiria, akirudi na majibu nusunusu yaliyotunyima raha kuliko kukosa majibu. Mmoja alisema wanaumwa. Mwingine alisema wameshahama.

Alipopeleka jambo hilo kwa baraza la wazee, walimsikiliza kwa upole kisha wakamkatalia. Mwenyekiti wao alisema, "Mama, tukimfuata, wakubwa wa misheni watasema Mwafrika hawezi kusimama peke yake. Mwaka huu tunaomba kujitawala, halafu sisi tumrudishe wetu wa kwanza?" Hoja ile ilikuwa na uzito, na wengi tuliokuwapo tuliitikia kwa vichwa. Yeye akasimama. "Hata mbuzi ukimfunga malishoni, jioni unakwenda kumtazama," alisema. "Mimi nakwenda. Mwalimu huyu atanisindikiza." Mwalimu huyu nilikuwa mimi, na hakuwa ameniuliza.

Tulisafiri kwa meli, daraja la tatu, tumebanana kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Sikupata kula. Nilikuwa na hofu ya kukuta kaburi, na hofu nyingine, ambayo sikumwambia, ya kukuta wazima wenye furaha na sisi tukawa kichekesho cha Kirumba nzima. Mama alikaa akitazama maji, midomo ikichezacheza, sijui ni kwa sala au kwa maneno aliyokuwa akiyapanga. Mtumbwi wa mwisho ulitushusha kisiwani kabla ya adhuhuri. Mwinjilisti alitupokea kwa kicheko kikubwa mno. Shati lilimpwaya mabegani. Hapohapo akaanza kutueleza kazi inavyokwenda: waliobatizwa, kuta za kanisa zilizofika madirishani. Mama akamkatiza. "Mwanangu, hayo tutayasikia. Mke wako yuko wapi?"

Alikuwa jikoni, ameukumbatia mwiko mbele ya moto uliozimika. Mama, ambaye naye alizaliwa Mjita, alikaa chini kando yake akamsemesha Kijita. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba alimuuliza kama anakula, na mtoto yuko wapi. Yule dada alimtazama kama mtu anayeamshwa, kisha akalia kilio ambacho mpaka leo nakisikia. Mtoto alikufa kwa homa, wakamzika wawili tu, wageni kwa lugha na kwa desturi za pale. Hakuna mtu wa kwao aliyekaa naye mkekani. Mama alitandika khanga yake sakafuni, akamlaza kichwa mapajani, akasema, "Basi msiba tunauanza leo." Tukaukalia kama inavyotakiwa. Mwinjilisti alisimama mlangoni, kile kicheko kikamtoka usoni. "Nilikuwa nikijiambia kwamba nikiwaeleza mtaona tumeshindwa," alisema. "Baadaye nikadhani mmeshatusahau." Mama akamjibu, "Aibu ni yetu, si yako. Fungeni mizigo."

Tuliporudi nao Mwanza, wazee wawili waliacha kumsalimu mama, na mmoja wao alikufa bila kurudisha salamu hiyo. Kwa miezi kadhaa nilijiuliza kama tulikuwa tumeharibu kazi ya Mungu kwa huruma za kibinadamu. Yule dada alipelekwa kwa mama yake mzazi, akapata nafuu. Uhuru ulipokwisha kupatikana na shamrashamra kupoa, alikuja mwenyewe kanisani na mumewe akaomba kurudi kisiwani. "Mwanangu yupo kule," alisema, "na watu wa kule nimeanza kuwapenda. Ila msituache tena." Wakarudi, wakadumu mpaka uzeeni, na kila mwaka mtu wa Kirumba alivuka kwenda kukaa nao. Miaka mingi mtu huyo alikuwa mama.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nimeishi kuona makanisa yetu yakituma vijana nchi za mbali zaidi, kwa makofi na picha nyingi. Mara ya mwisho kumtembelea mama kule Kiseke nilimweleza habari za mume na mke waliopelekwa ng'ambo ya bahari. "Nani anakwenda kuwaona?" akauliza. Nikamwambia siku hizi tunaonana kwenye simu. Akanitazama kama alivyonitazama nikiwa msichana. "Kwenye simu hata aliyekonda anacheka," akasema. Ninalo neno hili tu kwenu mnaomtuma mtu kwa jina la Mungu: mkishamwombea, tafuteni nauli, mwende mkakae jikoni kwake.