Alisafisha website ya parokia, akafuta makaburi ya Chiola

Wakuu, amani iwe kwenu, wa msikitini na wa kanisani.

Mimi ni mzee, katekista mstaafu wa huku Nachingwea. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na Mungu ninayemtumikia anajua sijatia chumvi. Nimekaa nayo muda mrefu nikijiambia nisamehe. Nimesamehe. Hasira ndiyo bado, kwa hiyo naileta hapa.

Nianzie nyuma kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na ndugu wengi kutoka Msumbiji, waliokimbia vita. Wengine walilima Lionja, wengine Chiola. Waliofariki tuliwazika Chiola, na kazi yangu ilikuwa kuandika daftarini: jina, alikotoka, amelala safu ipi. Vita vilipoisha wengi walirudi kwao. Makaburi yakabaki kwetu.

Miaka mingi baadaye parokia ikapata website. Nikamwomba Padre niweke majina yale. Akakubali. Nikafundishwa kompyuta uzeeni, nikaandika kwa vidole viwili, kila marehemu na ukurasa wake. Nashukuru nilifanya hivyo, maana mchwa walishaingia kwenye sanduku la madaftari, na hawakubakiza kitu.

Jambo moja mlijue ili mnielewe. Kwa ndugu zetu hawa jina la marehemu haliachwi lipotee. Mjukuu hulirithi lote, la kwanza na la ukoo. Na kabla hajapewa, watu wazima huenda kaburini kuliomba. Wengine humwaga unga, sisi wa kanisa tunasali.

Kwa hiyo Chiola kuna Veronika Anselmo watano.

Ndiyo sababu kwenye title ya kila ukurasa niliandika maneno marefu. Mfano: "Veronika Anselmo, mzaliwa wa Mueda, makaburi ya Chiola, safu ya tatu kutoka barabarani, kichwani pana mkorosho." Asiyejua aende moja kwa moja bila kuuliza.

Sasa tuje kwenye yaliyonikasirisha.

Parokia ina shule ya ushonaji na useremala. Wanafunzi walikuwa wachache, na Padre akaambiwa kwamba mtu wa Ruangwa akitafuta chuo kwenye mtandao, sisi hatuonekani. Akaitwa mtaalamu wa SEO kutoka Dar, hawa wanaofanya website ionekane mbele mtu akitafuta. Jina lake silitaji, kusengenya ni dhambi. Nitamwita Mtaalamu.

Alikuja na programu kwenye CD, akaiweka kwenye kompyuta ya ofisi. Mimi nilikaa pembeni nikitazama, maana napenda kujifunza.

Akafungua project mpya. Akaandika anuani ya website. Programu ikauliza lugha, akachagua Kiingereza, wakati website yetu yote ni Kiswahili. Ikauliza ikague kurasa ngapi. Akajaza mia mbili na hamsini, akasema kompyuta yetu ni nzito na yeye ana safari. Ikauliza kama kuna folda isiyotakiwa kuguswa. Hapo aliacha wazi, akabonyeza kuendelea.

Nilimuuliza kwa adabu kama hataki kujua kurasa zile ni za nini kabla ya kuzikagua.

"Mzee wangu," akasema, "hii kitu haina haja ya historia. Yenyewe inajua ugonjwa uko wapi."

Ikazunguka nusu siku. Report ikaja nyekundu tupu. Afya ya website asilimia arobaini na moja. Kurasa zinafanana. Kurasa zina maneno machache mno. Title ndefu kupita kiasi.

Karibu zote zilikuwa za folda moja, ya marehemu.

Mimi nikaenda kwenye ibada ya mazishi Lionja. Niliporudi folda nzima ilikuwa imefutwa, wala sikuambiwa. Nakala hakuweka. Jumapili baada ya misa akatuonyesha ukutani: afya asilimia tisini na tatu. Watu wakapiga makofi.

Na mimi nilipiga, wakuu. Sikuwa nimejua zile asilimia zimetoka wapi. Mungu anirehemu.

Wiki mbili zikapita. Akaja mama mmoja, Albertina, kavuka Ruvuma, kafika akiwa na miguu imevimba. Mpwa wake alikuwa ameona kwenye mtandao kaburi la mama yake Albertina. Kwenye karatasi aliandika jina na anuani ya website tu, akijua shangazi akifika ataonyeshwa ukurasa wenyewe. Binti wa Albertina alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa anasubiri jina.

Jina lenyewe ni Veronika Anselmo.

Nikaenda kwenye kompyuta kwa kujiamini kabisa. Ukurasa haupo. Folda haipo. Nilihisi kama nimezika mtu mara ya pili.

Nilipomweleza, hakulia. Aliuliza tu, "Mwalimu, nimwombe yupi kati ya hao watano?"

Nikaenda kwa Padre. Padre alimpigia Mtaalamu simu, akajibiwa kwamba kurasa zile zilikuwa takataka na tungepaswa kumshukuru. Takataka! Mtu aliyebatizwa, akafa ugenini, akasomewa sala, leo anaitwa takataka na mtu aliyekaa kwetu siku nne.

Nilisali, hasira ikashuka kidogo, nikakumbuka ile project bado imo kwenye kompyuta. Nikaifungua. Nikaenda kwenye orodha ya makosa, pale palipoandikwa title ndefu kupita kiasi.

Veronika wote watano walikuwemo. Neno kwa neno, kama nilivyoandika. Nikamsomea Albertina, akamtambua mama yake: yule wa Mueda, safu ya tatu, kichwani mkorosho.

Asubuhi tulikwenda Chiola. Mkorosho ule umekuwa mkubwa, matawi yamefunika safu mbili. Albertina alipiga magoti, tukasali, akazungumza na mama yake Kimakonde kwa muda mrefu. Aliporudi kwao mtoto alikuwa na jina.

Mnaweza kusema basi, limekwisha vizuri.

Halijaisha. Nilikaa miezi nikirudisha kurasa kutoka kwenye orodha ile ya makosa. Majina niliyoyapata ni yale tu programu iliyoyapitia. Yaliyokuwa nje ya ile mia mbili na hamsini, ambayo yeye aliijaza kwa haraka zake, hayakukaguliwa kabisa lakini yalifutwa pamoja na folda. Hayapo popote. Na wanafunzi wa Ruangwa walioongezeka mwaka ule waliletwa na tangazo lililosomwa kanisani Nanganga, si website.

Siku hizi project naifungua mwenyewe. Folda ya marehemu naiandika ya kwanza kwenye orodha ya visivyoguswa, na nakala ipo kwenye flash mbili. Ninyi wataalamu mliomo humu, nawaomba kwa heshima: kabla hujaandika anuani ya website ya watu, kaa na mwenyeji akueleze nani yumo ndani. Mashine ikuonyeshe, lakini kufuta mfute mkiwa mmekubaliana.

Wa kunikosoa anikosoe, nitasoma yote.

Ila kama kwenu mliishi Chiola miaka ile, na mlimwacha mtu pale, andika jina lake hapa chini. Andika na safu kama unaikumbuka, na alama yoyote iliyokuwa kichwani. Andika kwa urefu.