Binti wa Koplo Hana Shida

Pa!

Ni kisigino cha buti kikigonga saruji. Lanyero akiulizwa leo kumbukumbu yake ya kwanza ni ipi, hataji uso wa mtu wala chakula. Anautaja mlio huo. Alikuwa bado anabebwa mgongoni na mama yake. Mbele yao, mlangoni, baba yake Koplo Okidi alisimama wima kama mlingoti wa bendera, na mkubwa wa kambi alikuwa anapita kukagua makazi ya askari. Mbele ya kila mlango mkubwa aliuliza swali lile lile, "Kuna shida?" Na kila askari aligonga kisigino, akapaza sauti, "Hakuna shida, afande!"

Kambi hiyo ya polisi iko upande wa Luzira, Kampala, mahali ambapo upepo wa ziwa hufika ukiwa umekwisha kuchoka. Makazi yenyewe ni vibanda vya mviringo vya mabati. Askari wameviita kwa miaka mingi mama-ingia-pole, maana mlango ni mfupi, na asiyeinama huacha ngozi ya paji lake juu ya bati. Mvua ikinyesha, Alum, mama yake Lanyero, aliweka sufuria chini ya tundu moja na beseni chini ya jingine. Mkubwa akija, sufuria na beseni ziliingia uvunguni, watoto wakapakwa mafuta miguuni, na jibu likawa lile lile.

Hakuna aliyewakalisha watoto wa kambi kuwafundisha jibu hilo. Walilipata kwenye mchezo. Mmoja alishika kijiti akawa mkubwa, wengine wakajipanga, na aliyecheka kabla ya kujibu alitolewa mstarini. Lanyero hakutolewa hata mara moja.

Kwa Okidi, jibu lile halikuwa uongo. "Askari akisema ana shida," aliwaambia wanawe, "nani atamlinda mwenye shida?" Alikuwa mtu wa Kitgum, kaskazini, mpole, mwenye goti lililoumia kazini na ambalo hakulizungumzia. Nyumbani waliongea Kiacholi. Kiswahili kilikuwa cha nje ya mlango: cha amri, cha zamu, cha kukaguliwa.

Lanyero alisoma Old Kampala, kwenye shule iliyo mlimani, ambako sauti ya adhana ilipita katikati ya somo la hesabu kama mgeni anayejulikana. Alipenda hesabu za pembe. Alipenda kwamba mtu anaweza kusimama mahali pamoja, akatazama kilima na kujua urefu wake bila kukipanda. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, alama zake zilikuwa za juu kiasi kwamba mwalimu mkuu alimpigia simu mwenyewe. Chuo kikuu kikampa nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi.

Furaha hiyo iliingia kibandani wakati mmoja na habari nyingine. Koplo Okidi alikuwa anastaafu. Askari akistaafu hurudisha kibanda, na familia ilikuwa inarudi Kitgum, kwenye shamba la babu.

Mfuko mmoja wa elimu wenye ofisi Kabalagala ulikuwa unawapa wanafunzi wapya wa chuo vitu viwili. Kwanza, ufadhili wa ufaulu, unaolipa karo, na huo hutazama alama tu. Pili, msaada wa malazi na chakula, ambao hupewa wale ambao nyumbani kwao hakuna uwezo. Lanyero alihitaji vyote viwili. Karo bila mahali pa kulala ingekuwa sawa na kupewa kiatu kimoja.

Siku ya usaili, jirani yao Mama Rajab alimsimamisha mlangoni ili amtazame. Jina lake ni Husnah. Ni mjane wa Sajenti Fadhul, Mnubi kwa ukoo, mfumaji wa kawa za rangi za kufunikia chakula, na ulimi wake haukuwahi kustaafu.

"Weye," alisema, "usiende kule na uso wa gwaride. Wakikuuliza habari za nyumbani, toa chozi. Moja tu. La jicho hili hapa, ndilo linaloonekana wakikaa dirishani."

"Mama Rajab, utajuaje watakaa wapi?"

"Wakubwa hukaa dirishani siku zote. Nenda."

Ofisi ilikuwa juu ya duka la simu. Upande wa pili wa barabara, baa moja ilikuwa inajaribu spika zake mchana kweupe, na vioo vya dirisha vilitetemeka kidogo. Wasaili walikuwa watatu, na kweli walikaa dirishani. Waliuliza kwa Kiingereza, naye akajibu vizuri: kwa nini upimaji, kwa nini vijiji hugombana mipakani, mteremko hupimwaje. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

Mwenyekiti, Daktari Katembo, mzee mwenye mvi kutoka upande wa Kongo, aliiona ile mikono. Akataka kumpunguzia hofu. Akaacha Kiingereza, akainama mbele, akasema kwa upole, "Mwanangu, tuongee Kiswahili, tupumzike kidogo. Nyumbani je? Kuna shida?"

Kwa Daktari Katembo, Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ya nyanya yake. Kwa Lanyero kilikuwa lugha ya mstari mbele ya vibanda. Hakumbuki alivyosimama. Anakumbuka mlio tu, kisigino cha viatu vya kanisani alivyoazima kwa mama yake, kikigonga vigae: pa!

"Hakuna shida, afande!"

Wasaili walicheka, bila ubaya. Mwanamama mmoja mwenye miwani akaandika kitu.

"Afande?" Daktari Katembo alitabasamu. "Mimi ni mwalimu tu. Kwa hiyo hakuna shida kabisa?"

"Hakuna, afande. Samahani, daktari."

"Basi tunamshukuru Mungu. Asante, mwanangu."

Alishuka ngazi akiwa mwepesi, akijua amejibu yote. Alipofika chini, ngoma ya ile baa ikamgonga kifuani, na hapo ndipo alipolisikia jibu lake.

Ujumbe uliingia kwenye simu baada ya siku chache. Walimpongeza, karo yake yote italipwa. Msaada wa malazi na chakula hakupewa, kwa kuwa mwombaji mwenyewe ameeleza kwamba nyumbani hakuna uhitaji. Kama ana la kuongeza, aje mapema wiki ijayo pamoja na mzazi.

Kibandani, Alum alimfanya ausome mara ya pili.

"Alijibu vizuri," Okidi alisema.

"Vizuri?" Alum aliweka mwiko chini. "Hiyo vizuri yako itamlaza wapi? Mimi na wewe tutakuwa Kitgum. Yeye atajitandikia hilo jibu alale juu yake?"

"Atakaa kwa ndugu."

"Ndugu gani, Kampala hii? Taja mmoja."

Okidi alitazama bati.

Mama Rajab aliingia akiwa ameinama, mkononi ana kawa aliyokuwa bado anaifuma. Alipoelezwa, alicheka mpaka akakaa juu ya dumu la maji.

"Ya Rabi! Mmemlea mtoto kwenye gwaride, sasa mnashangaa amepiga saluti! Haya, Baba Lanyero, si umeitwa? Nenda ukaseme."

"Siendi kulialia mbele za watu, Mama Rajab. Utumishi wangu wote sijalalamika. Nianze leo, siku za mwisho?"

"Nani amekwambia ukalalamike?" Sasa hakuwa anacheka. "Marehemu Fadhul akikuta duka limevunjwa, alirudi kituoni akasema hakuna shida?"

"Hapana. Alitoa ripoti."

"Akilia?"

Okidi alikasirika kidogo, kwa niaba ya kazi. "Ripoti haina kilio, Mama Rajab. Ripoti ni kusema kilichopo."

"Ahaa," Mama Rajab alisema, akainuka, akainama, akatoka kwenda kuangalia chai yake.

Okidi alifunga kamba za mabuti. Kisha akatoka. Kutoka ndani, Lanyero aliyasikia mabuti ya baba yake yakizunguka kibanda, polepole, goti bovu likichelewa nyuma ya zima. Yalisimama. Mkono ukapapasa bati mahali lilipotoboka. Yakaendelea, yakasimama tena. Aliporudi ndani alikuwa na kutu kwenye vidole.

"Lile beseni," alimuuliza mkewe. "Mvua ikinyesha, linajaa?"

"Miaka yote hii hujui?"

"Huwa niko zamu."

Alum alimtazama mumewe, na hasira ikamwisha. "Linajaa," alisema.

Siku ya kurudi Kabalagala, Okidi alivaa sare iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama. Lanyero alikaa kwenye kiti kile kile. Baba yake alionyeshwa cha pembeni.

"Karibu, Koplo. Keti," alisema Daktari Katembo.

"Nitasimama, daktari."

Lanyero hakumtazama baba yake usoni. Alitazama buti. Kama lingegonga, basi yangekwisha. Jibu lingetoka lenyewe, kama lilivyomtoka yeye, na yeye angeondoka na familia yake kwenda Kitgum na karo iliyolipwa, isiyo na mwanafunzi.

"Binti yako alituambia nyumbani hakuna shida," Daktari Katembo alisema. "Nikuulize na wewe. Kuna shida?"

Kisigino kiliinuka. Lanyero akafumba macho.

Hakusikia kitu. Alipofumbua, buti lilikuwa limerudi sakafuni, taratibu, kama mguu wa mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

"Naomba kutoa ripoti," alisema Okidi.

"Toa."

"Nimekagua makazi ya mwombaji. Bati limetoboka juu ya kitanda chake na juu ya jiko. Mvua ikinyesha, maji hujaza beseni. Mwombaji amekuwa akisoma chini ya taa ya walinzi, langoni, na mimi mwenyewe nimewahi kumfukuza pale kwa kuwa ni kinyume cha kanuni. Mwenye makazi anastaafu na anarudisha kibanda. Mama wa mwombaji anauza mukene, hawa samaki wadogo wa ziwani. Kitgum tunakohamia hakuna ziwa. Mwombaji hana ndugu Kampala wa kumlaza." Alinyoosha ukosi wa sare. "Mwombaji alipoulizwa hapa, alijibu hakuna shida. Uchunguzi umeonyesha kwamba alifundishwa hivyo na baba yake. Mwisho wa ripoti."

Ng'ambo ya barabara spika ililia mara moja, ikanyamaza. Mwanamama aliyeandika siku ile alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa kitambaa chake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na huyo baba," Daktari Katembo aliuliza, "alikuwa na nia mbaya?"

"Hapana, daktari. Hakujua njia nyingine."

Mzee alisimama. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana akiwa ameketi. "Ripoti imepokelewa," alisema, "afande."

Okidi alikuwa amelitamka neno hilo kwa wakubwa maisha yake yote. Kuitwa nalo na mtu kama yule hakukuzoea. Hakujua aweke wapi mikono.

Walingoja nje kwenye benchi, wakaletewa chai, na kabla haijapoa wakaitwa tena. Lanyero atapata kitanda hosteli na chakula mpaka amalize masomo, mradi alama zake zisishuke. Ilisemwa kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida. Baada ya kushukuru, walipofika katikati ya ngazi, Okidi aliketi. Sare yote, mikunjo yote, akaketi kwenye ngazi, akanyoosha lile goti mbele yake.

"Baba, linauma?"

"Linauma," alisema, kisha akacheka, kama mtu aliyetua mzigo na bado anauhisi mabegani. "Linauma sana, kusema kweli. Ngoja kidogo."

Chini barabarani alinunua rolex mbili, chapati zimekunjwa na mayai bado ya moto, na akaila yake akiwa amesimama, ndani ya sare, jambo ambalo angemkemea kwalo askari mwingine yeyote. Mafuta yalimtiririka hadi kwenye kiganja. Hakujali.

Kambini, Mama Rajab alipiga vigelegele hadi mlinzi wa lango akaja kuuliza. Kisha akamvuta Lanyero pembeni.

"Chozi lilitoka?"

"Halikutoka, Mama Rajab."

"Unaona sasa. Lingetoka, mngepewa na gari."

Siku ya kuingia chuo, mizigo ya Kitgum ilikuwa tayari imefungwa kamba. Alum alimuaga binti yake kambini, akamshika mashavu kwa mikono yenye harufu ya mukene, hakusema mengi. Okidi akamsindikiza, godoro likiwa limefungwa nyuma ya bodaboda.

Chumba cha hosteli kilikuwa na dirisha, meza na dari nyeupe. Mlango ulikuwa mrefu. Hata hivyo baba na binti, mmoja nyuma ya mwingine, waliinama walipoingia.

Okidi alikagua. Alisukuma dirisha, likafunga. Alitazama dari, kona kwa kona. Alikwenda bafuni mwisho wa ukumbi, akafungua bomba, akalifunga, akarudi. Alitandika godoro mwenyewe na kuvuta shuka mpaka likanyooka kama la kambini. Nje, wasichana walikuwa wanaburuta masanduku na kuitana majina mapya. Basi la kaskazini lilikuwa linangoja.

Alisimama mlangoni. Alitafuta neno la kuagana kwa Kiacholi, na halikuja. Likaja lile la siku zote.

"Kuna shida?" aliuliza.

Lanyero aliuhisi mguu wake ukitaka kuinuka ndani ya ndala. Akauacha ulipo.

"Ipo, baba," alisema, kwa sauti ndogo ambayo mtu aliyepita ukumbini asingeisikia. "Lakini ni ndogo."