Chumba Kisichojibu

Kwa miaka ishirini na miwili, kabla hajakunjua futi ya kupimia, kabla hata hajauliza kiti kitakaa wapi, Makofi alisimama katikati ya chumba kitupu na kugonganisha viganja mara moja. Jina lilitoka hapo. Mafundi wengine wa sinema za nyumbani walikuja na vipimo kwenye simu. Yeye alipiga, akainamisha kichwa, akasubiri chumba kimjibu. Chenye zulia na makochi hujibu kwa kunong'ona. Chenye vigae na vioo hupayuka kama watoto walioachwa peke yao. Akishajibiwa, ndipo alijua aning'inize mapazia mazito ukuta gani na spika aziweke wapi.

Asubuhi hiyo chumba hakikujibu.

Kilikuwa ghorofani, kwa muuguzi mstaafu ambaye mume wake hawezi tena kushuka ngazi. Mzee alipenda sinema maisha yake yote, na mkewe aliamua zimfuate huko juu. Vipimo havikuwa na neno: mita sita kwa nne, wala si mraba, maana chumba cha mraba hurundika sauti nzito kwenye kona. Skrini ya inchi mia ingekaa vizuri, na kiti mita tatu na nusu kutoka hapo. Ila sakafu ilikuwa vigae vitupu, dirisha kioo kitupu, kuta hazina hata picha. Chumba cha namna hiyo hakinyamazi.

Makofi akapiga. Sauti ikaenda na haikurudi. Akahamia kona ya pili, akapiga tena. Vinyweleo vikamsimama. Ilikuwa kama kumsalimia mtu anayekutazama tu.

"Fundi," mama mwenye nyumba akasema mlangoni, "unashangilia nini na sinema haijaanza?"

"Mama, chumba chako kinameza sauti."

"Kinameza?" Akacheka. "Mzee kule kitandani ananiuliza nani anapigilia misumari. Umeijaza nyumba nzima."

Makofi naye akacheka, akasema atarudi kesho kukamilisha hesabu. Angeyaamini masikio yake, angeandika kwamba zulia halihitajiki, na mzee yule angebaki na sinema zenye maneno yaliyovurugwa na mwangwi mpaka mwisho wa siku zake.

Nyumbani alipitiliza bafuni. Hakuna chumba chenye mdomo kama bafu. Akapiga. Kimya. Akapiga tena, viganja vikamwaka moto. Akakumbuka vyumba vitatu alivyovisifu mwaka huu kwa utulivu wake, na mteja mmoja aliyelalamika, naye akamwona ana maneno mengi. Akajaribu kukumbuka ndege mara ya mwisho walilia lini.

"Baba watoto, unampigia nani makofi humo?"

Sauti nzito ya mkewe ilimfikia bila taabu; zilizompotea ni zile nyembamba tu.

"Wewe nakusikia," akasema. "Simsikii yeye."

"Yeye nani?"

"Anayenijibu."

Mkewe akasogea mlangoni. "Televisheni unaipandisha sauti kama ya mkutano wa hadhara tangu mwaka jana. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Kesho yake walikwenda wote wawili. Makofi alimwambia muuguzi ukweli, macho yakiwa chini: "Masikio yangu yamechoka, mama. Leo nimekuja na ya kuazima."

Muuguzi alimtazama kwa muda, jinsi alivyowahi kutazama wagonjwa wengi, kisha akasogea kando. "Haya. Msimamishe mahali pa kiti."

Makofi akapiga.

"Kinajibu," mkewe akasema. "Haraka haraka, kama mtu anayegonganisha meno. Kule, kona ya dirisha."

Akaandika: zulia zima, pazia zito dirishani. Jibu lilikuwa limepatikana. Lakini aliendelea kupiga, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara mkewe aligeuza kichwa polepole kuelekea ile kona, akamtazama yule aliyejibu, ambaye mumewe hakumsikia tena.